Ncha za majani ya mwembe zinaungua? Usikimbilie dawa

Juzi dada mmoja wa Ihumwa alinitumia picha ya mwembe wake wa kubebesha, yaani uliounganishwa juu ya shina la mwembe mwingine, haujafika hata miaka miwili. Majani ya chini yameungua ncha na kingo, makavu, rangi ya kahawia, kama yamepitiwa na moto. Anauliza apige dawa gani. Usiku ule sikumjibu. Picha ilinitonesha.

Nilipohamia Nzuguni nilipanda miembe 12, yote ya kubebesha, hela ya kuungaunga. Mvua zilipokata mwezi wa nne nikaanza kumwagilia maji ya kisima, yale ya chumvichumvi ambayo wenyeji wa Dodoma mnayajua, yanayoacha ukoko mweupe kwenye sufuria. Nusu ndoo kila jioni kwa kila mti, sikukosa hata siku moja. Kufika Agosti ncha zote zimeungua.

Nikachuma jani moja nikaenda nalo duka la pembejeo. Muuzaji akalitazama, akasema ni ukungu, akaniuzia dawa. Nikapiga mara tatu. Hakuniuliza namwagilia maji gani! Hilo linaniuma mpaka leo. Duka la pili wakasema mti una njaa, nikaweka mbolea ya urea, konzi kwa kila shina. Wiki mbili baadaye majani yalipukutika. Ikabaki miembe mitano.

Bwana shamba alipokuja hakushika jani. Alichuchumaa, akakwangua udongo shinani, akanionyesha utando mweupe. Chumvi. Nusu ndoo yangu ya kila jioni haikuwa inazama. Jua linachukua maji, chumvi inabaki palepale penye mizizi. Na urea niliyorundika pale ikaizidishia mizizi chumvi. Niliiua kwa mikono yangu, huku nikidhani naihudumia.

Sasa ndugu zangu, mti hauwezi kusema, lakini jani linasema. Angalia kwanza ni jani lipi linaumwa, la zamani au jipya. La zamani likiwa njano lote, mara nyingi ni upungufu wa naitrojeni, kwa sababu mti huihamisha kutoka majani makuukuu kulisha machanga. Jani jipya likiwa njano huku mishipa imebaki kijani, fikiria madini ya chuma. Chuma hakihamishwi hivyo, na udongo wenye magadi huuzuia mti kukipata. Madoa meusi yaliyotawanyika kwenye majani machanga wakati wa mvua, hapo ndipo ukungu unapohusika. Kwenye ndimu na michungwa, michirizi ya rangi ya fedha iliyojipinda ni kiwavi anayetoboa ndani ya jani. Ncha na kingo kuungua kiangazi, uliza maji yako. Chunguza kwanza, ndugu yangu, hela itoke baadaye.

Ile mitano niliiokoa kwa kubadili umwagiliaji: ndoo nne kwa mpigo, mara moja kwa wiki, maji yasukume chumvi chini ya mizizi, halafu shina nalifunika kwa nyasi kavu. Mvua ya Desemba nikaikinga kwenye simtanki. Majani yaliyoungua hayakupona, usiyasubiri hayo, subiri machipukizi.

Dada wa Ihumwa nimemwambia akwangue udongo shinani anipigie picha, na mpaka mvua zianze asiweke hata punje moja ya urea.