Laini yangu ya gesi ilikuwa inasomeka "Mkopo Kausha Damu"

Mkuu uliyeuliza kuhusu laini ya simu ya saluni, umesema umeinunua hapo Morogoro, umesajili kwa NIDA yako vizuri kabisa, halafu ukiwapigia wateja wanaona "Mama Vitenge Msamvu" na hujui uanzie TCRA, wale wasimamizi wa mawasiliano, au uende kwa mtandao wenyewe. Usiende popote kwanza. Mimi hii kitu imenila miezi miwili na elfu thelathini juu, na wewe afadhali umerithi mama wa vitenge, mimi nilirithi balaa.

Nina duka la gesi Kinyerezi, mitungi ya kilo 6 na ya 15, tunapeleka mpaka mlangoni kwa boda. Katikati ya 2025 nikaona nitenganishe laini ya biashara na ya kwangu, nikanunua laini mpya, nikachagua namba tamu, mwishoni inajirudia hivi hata mtoto akiisikia mara moja anaishika, nikaipiga kwenye bango, kwenye maboksi ya boda, kwenye tisheti za vijana, nikachapisha na stika elfu moja za kubandika kwenye mitungi. Yaani hela nilishamaliza kuimwaga ndio sarakasi zikaanza.

Siku moja dogo wa boda yuko getini kwa mteja anaipiga ile laini ya duka, ananipigia mimi na simu yake: "Bosi, huyu mama namwona kabisa dirishani, simu kaishika, anaiangalia, anakata." Nikamwambia gonga geti. Akagonga, mama akatoka kanuna, kumwonyesha simu yake ni nyekundu tupu, imeandika "Mkopo Kausha Damu Matapeli" na chini yake idadi ya watu walioripoti. Dogo akapiga picha akanitumia. Nikaelewa kwa nini wiki nzima vijana wanarudi na mitungi kamili eti mteja hapokei.

Hii laini ilikuwa ya jamaa wa mikopo ya mtandaoni, wale wa kupigia mpaka shemeji yako na mchungaji wako wakudai. Mtakumbuka Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na aplikesheni 69 za mikopo zisizo na leseni, mimi nahisi baada ya pale wengine walitupa laini zao wakapotea, laini ikikaa bila kutumika mtandao unaichukua unaiuza tena, na aliyeiokota ni mimi na mitungi yangu.

Sasa kosa langu la kwanza ndio hilo unalotaka kufanya wewe. Nilienda ofisi ya mtandao, nikakaa foleni asubuhi nzima, dada wa kaunta akaangalia akaniambia kaka laini iko jina lako, alama za vidole zako, hata jina la kupokelea pesa ni lako, unataka tubadilishe nini? Nikaanza kumfokea (nimeshaenda kumwomba radhi, alikuwa sahihi yule dada). Huku kwetu mtandao ukipiga simu unapeleka tarakimu tu. Jina linazaliwa kwenye simu ya anayepigiwa, na kila simu inalitoa inakojua yenyewe. Ukiangalia video za Wamarekani Yutubu watakuambia piga kampuni yako ya simu wabadilishe jina, kwao ni kweli kwa sababu kuna hifadhidata ya majina, jina lisizidi herufi 15, na mtandao wa anayepigiwa ndio unalivuta huko. Wewe wa Morogoro video ile haikuhusu, utamaliza bando bure.

Kosa la pili, nikapata jamaa Kariakoo anajitangaza "anasafisha namba", akala elfu thelathini yangu, akaniambia subiri masaa 24, mpaka leo nasubiri. Hakuna hata hatua moja kati ya nilizofanya baadaye iliyokuwa na malipo zaidi ya bando.

Kilichonifungua macho ni skrinishoti. Niliwaomba wateja watano wanitumie picha ya simu yangu inavyoingia kwao, na aisee zilikuja tofauti zote! Mmoja Truecaller (ile programu ya kukuonyesha nani anapiga) nyekundu. Mmoja hana Truecaller kabisa lakini inasoma jina la ofisi fulani ya mikopo na imekaa kistaarabu na alama ya biashara. Mmoja namba tupu. Mmoja "Shem Rehema". Wa tano alishaniblok. Kwa hiyo kabla hujagusa chochote mkuu, omba hizo picha, maana ukisema "namba inasomeka vibaya" ni kama kumwambia daktari naumwa mwili.

Truecaller ndio ilikuwa kubwa. Hii ni kampuni ya Sweden, ilianza 2009, na majina yake yanatoka kwa watumiaji wenyewe, wanavyokutaja na wanavyokuripoti, hakuna mtu ofisini alikaa akaandika "Kausha Damu", waliandika wadaiwa wenye hasira zao na mimi siwalaumu. Nikachukua kisimu chenye hiyo laini, nikapakua Truecaller, ikathibitisha namba kwa kujipigia yenyewe (wakati mwingine inatuma meseji), nikaandika jina la duka, nikaweka na picha ya bango, nikachagua kwamba ni biashara. Jina likabadilika ndani ya siku chache. Wekundu ukabaki! Hapo ndio nilikata tamaa, sasa simu inaingia na jina la duka langu zuri kabisa, rangi ya tapeli, bora hata lile la zamani.

Ripoti za spamu, yaani watu kukuripoti kwamba ni msumbufu au tapeli, ni kitu kingine na jina ni kitu kingine. Nikawaomba ndugu, vijana wa duka, wateja wa siku nyingi, wale wenye Truecaller, wafungue namba yangu humo ndani wabonyeze kwamba si spamu, na wale ambao bado wanaona jina la zamani wapendekeze jina jipya. Nikawaandikia na hao Truecaller wenyewe nikaeleza laini imebadilika mmiliki. Sijui kipi kilisaidia zaidi ila wekundu ulififia taratibu, wiki kama tatu nne hivi, na simu nyingine ziliendelea kuonyesha ya zamani kwa muda mpaka zilipojisasisha. Na muda huo nikawakataza vijana kupiga simu hovyo, maana mtu asiyekujua ukimpigia mara tatu mfululizo anakuripoti upya unarudi mwanzo.

Kuna watu watakushauri ufute namba kabisa kwenye Truecaller, na inawezekana, unazima akaunti kwanza halafu unaingia kwenye ukurasa wao wa kuondoa namba unaiandika na +255 mbele. Mimi kwa biashara sikushauri. Namba isiyo na jina mjini hapa nani anapokea siku hizi? Wewe dai jina lako tu, kufuta waachie wenye sababu zao.

Ile ya jina la ofisi ya mikopo ilinichanganya sana mpaka mpwa wangu akaishtukia. Simu nyingi za Android zinakuja na programu ya kupigia ya Google, na hiyo namba ikiwa imewekwa kwenye biashara iliyopo Google Maps, jina la biashara hiyo linatokea unapopigiwa hata kama hujahifadhi kitu. Tukatafuta Google, kweli tukakuta ofisi ipo ramani nzima nzima, sijui Ilala ghorofa ya ngapi, na namba yangu pale chini. Na nyota moja moja za matusi kama zote, nilisoma nikasikia uchungu kama natukanwa mimi. Ukibonyeza pale kuna sehemu ya kupendekeza badiliko, nikaandika namba si yao tena, ikakataliwa. Nikarudia, nikapendekeza mahali pamefungwa kabisa, kimya.

Nikaona nipite mlango mwingine. Nikafungua wasifu wa duka langu hapo hapo Google, wakataka kuthibitisha kwa video, yaani unarekodi bila kukata, unaonyesha mtaa, bango, unafungua mlango na ufunguo wako ili wajue duka ni lako kweli. Ya kwanza ilikataliwa kwa sababu nilirekodi usiku (usicheke, mchana kuna wateja). Ya pili nilirekodi saa moja asubuhi, mitungi imepangwa, bango linasomeka, ikapita baada ya siku kadhaa. Halafu nikarudi kule kwa ofisi ya mikopo nikapendekeza tena, safari hii namba ikatolewa. Siwezi kukuapia kwamba kimoja kilisababisha kingine ila ndivyo ilivyofuatana. Kwa hiyo huyo mama vitenge wako mtafute na Google Maps kwanza, kama jina limekuja na jina la mahali, hiyo Msamvu, ndani yake inanukia ramani hiyo.

WhatsApp nayo ina vituko vyake. Nilipoingiza laini, iliniomba pini ya hatua mbili ambayo aliiweka mwenyewe wa zamani, na huna namna, unasubiri siku saba ndio unaingia bila pini. Ukiona picha ya profaili ya mtu mwingine usishtuke, WhatsApp wanasema akaunti ikikaa siku 45 bila kutumika halafu namba ikawashwa kwenye simu nyingine, vitu vya zamani vinafutwa. Mimi nilipoingia nilikuta pasafi, nikaweka WhatsApp Business na jina, mahali, saa za kufungua, bei za mitungi, na hiyo ndio ilirudisha imani haraka kuliko vyote, kwa sababu dogo akawa anatuma meseji kwanza "habari mama, ni gesi yako niko njiani", ndipo anapiga.

Sasa kuna watu hutawafikia na ujue mapema. Yule aliyeniblok, alikuwa anadaiwa na wale jamaa, namba ameiblok kwenye simu yake mwenyewe na hakuna ofisi duniani ya kwenda kuomba ufunguliwe. Nilimpigia kwa laini yangu binafsi, tukaongea, akaniambia kaka hiyo namba ilimpigia mpaka bosi wangu kazini, siifungui. Sawa, tunamhudumia kwa laini nyingine. Na yule wa "Shem Rehema", kumbe kabla ya watu wa mikopo laini ilikuwa ya huyo shemeji yake, kaihifadhi kwenye kitabu cha simu miaka na miaka, ananipokea kwa furaha "shem umepotea!" halafu nikisema gesi anakuwa mpole. Kitabu cha simu cha mtu ni cha mwenyewe, kinashinda Truecaller, kinashinda Google, ni kumwomba tu abadilishe.

Kitu kilichonisaidia wakati nasubiri haya yote ni jina la pesa. Mtu akinitilia shaka namwambia anza kama unatuma pesa kwenye hii namba, ukifika pale jina linapotokea soma, usiweke pini, achia hapo. Jina linakuja la kwangu la NIDA. Kuna mzee mmoja alishanitishia kwamba ananipeleka 15040, ile namba ya kuripoti matapeli, kama matapeli wengine, nikamwelekeza hivyo hivyo, akasoma jina, akasema "aah, wewe ni wa duka la pale kona!" Mpaka leo anachukua mtungi kwangu. Lakini hii inafanya kazi kama umeshasajili huduma ya pesa kwenye hiyo laini kwa jina lako, usiiache laini ya biashara uchi. Na piga *106# uhakiki namba zilizoko kwenye NIDA yako ukiwa hapo hapo.

La mwisho, utaanza kupokea meseji za benki za huyo mama vitenge, salio, na hata namba za siri za kuingilia akaunti. Mimi zilikuja za mtu nisiyemjua kabisa. Usizifungulie kitu, usimtumie mtu. Nilienda tawini kwa hiyo benki nikawaambia namba hii si ya mteja wenu tena, wakaandika, baada ya muda zikakoma. Ukinyamaza halafu pesa ya mtu ikapotea, laini iko jina lako, utaanzia wapi kujieleza?

Anza na hizo picha za wateja, ukizipata zitupie hapa tuangalie ni Truecaller au Google, namba ya mteja ifiche.

Kwangu sasa hivi iko poa, karibu kila simu ninayojaribu inasoma jina la duka. Isipokuwa yule mama wa dirishani, amekuwa mteja mzuri sana, juzi dogo kapeleka mtungi akachungulia simu inavyoita akakuta mama amenihifadhi "Gesi Kausha Damu". Nimemwomba abadilishe kabla halijarudi kwenye Truecaller, anacheka tu.