Gego limeng'olewa, mbona maumivu hayaishi?

Daktari, Jumatatu niling'olewa gego la mwisho la chini. Jumanne nilipata nafuu, lakini leo Alhamisi linauma hadi sikioni na mdomo unanuka. Duka la dawa wameniuzia antibiotiki. Nimalize dozi?
*Dereva wa boda, Arua*

Kaka, rudi leo hii kwa aliyekung'oa. Maumivu ya kawaida hupungua siku hadi siku. Yakipungua kisha yakapanda kati ya siku ya 2 na ya 4, mara nyingi bonge la damu lililoziba shimo limetoka na mfupa umebaki wazi. Ndiyo maana yanapanda sikioni, na ndiyo maana mdomo unanuka. Kinachotuliza hapo ni kuoshwa shimo na kutiwa dawa ndani yake, mara nyingi yenye mafuta ya karafuu. Wengi hupata nafuu kabla hawajafika nyumbani. Vidonge ulivyonunua mwonyeshe, akwambie kama unavihitaji.

Kama unavuta sigara, acha sasa. Usinyonye soda kwa mrija wala kutema mate kwa nguvu. Na atakayekushauri usukutue kwa waragi, pombe kali, mkatalie, inachoma kidonda kibichi.

Nalisema hili kwa uchungu: watu wetu huona haya kurudi, au huogopa kulipishwa tena, wakahangaika na vidonge wiki nzima. Kurudi ni sehemu ya matibabu. Anayeng'olewa kesho aulize mapema: nikirudi nalipa?

Wiki ya tatu sasa, shimo bado lipo na posho (ugali) inaingia humo.
*Mama wa watoto watatu, Jinja*

Kama haliumi, usihofu. Fizi hufunika juu katika wiki chache, ila mfupa hujaa ndani kwa miezi kadhaa. Kila ukimaliza kula, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji vuguvugu, sukutua taratibu, yaache yadondoke yenyewe. Kijiti usikitie humo.

Siku ya 5, mdomo unafunguka upana wa kidole kimoja tu.
*Mwanafunzi, Mbale*

Ni misuli ya taya iliyokaza. Uvimbe hufika kilele siku ya 2 au ya 3, halafu hushuka. Kanda kwa kitambaa cha moto kiasi, jaribu kufungua kidogo kidogo, kula uji na matooke yaliyopondwa. Lakini uvimbe ukishuka shingoni, ukapata homa, au kumeza na kupumua kukawa shida, nenda hospitali ya rufaa usiku huohuo. Hilo halingoji asubuhi.

Naweza kunywa parasetamoli na ibuprofeni pamoja?
*Msomaji, Kampala*

Ndiyo, kwa dozi iliyoandikwa. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mimba aiache ibuprofeni hadi aulize.

Mdomo wa chini una ganzi wiki ya pili.
*Mwalimu, Gulu*

Mshipa wa fahamu hupita karibu sana na mizizi ya gego la mwisho la chini, ukaguswa. Kwa wengi hisia hurudi ndani ya wiki au miezi. Hata hivyo aliyekung'oa ajue sasa, aandike eneo lenye ganzi na kulipima tena kila ukirudi. Chai ipoze kwanza, utajiunguza bila kujua.