Mkanda Upi Utatuliza Msumeno Wangu?

SWALI: Mhariri, msumeno wangu wa meza unaendeshwa na mota kwa mkanda mmoja wa umbo la V. Nikiuwasha baada ya wiki nzima bila kazi, meza hutetemeka hadi sarafu niliyoisimamisha huanguka. Je, ninunue mkanda gani?

JIBU: Ndugu msomaji, mkanda uliokaa siku nyingi umekazwa bila kuzunguka hushika umbo la puli, yaani gurudumu lenye mfereji linalobeba mkanda, kisha sehemu hiyo iliyopinda hugonga kila inapopita. Chomoa waya wa umeme, uvue mkanda na uulaze sakafuni. Ukibaki umebanwa kama yai, umempata mkosaji.

Mkanda wa vipande vilivyopachikana haushiki umbo namna hiyo, na urefu wake hurekebishwa kwa kuongeza au kupunguza vipande, ingawa bei yake ni kubwa kidogo. Wa bei nafuu zaidi ni ule wenye meno upande wa ndani, ambao hupinda kwa urahisi kwenye puli ndogo ya mota. Zingatia kipimo: mkanda wa A una upana wa milimita 13 juu, na wa B milimita 17, kwa hiyo usichanganye.

Hata hivyo, mimi ningeanza na puli zenyewe. Weka rula ndefu iliyonyooka kwenye nyuso za puli zote mbili, kisha uzizungushe kwa mkono. Puli inayoyumba, au iliyolegea kwenye shafti, itautetemesha hata mkanda mpya wa gharama.