Fimbo ya kunasia, na hiki kitenzi "kupelekea"

Swali: Shikamoo Mwalimu. Niko Mafinga, nawatafsiria vijana wenzangu hadithi za Star Wars. Mle kuna fimbo ya Stokhli: inarusha ukungu, ukimfikia mtu unaganda kuwa wavu, unamfunga na kumpiga shoti. Nimeandika: "Hii ni silaha isiyo ya kuua ambayo inapelekea adui kukamatwa pasipo kupelekea kifo." Je, ni sahihi?

Jibu: Marahaba. Silaha nitaifikia. Kwanza hiyo "kupelekea", tena mara mbili katika sentensi moja! Si wewe peke yako. Kwenye taarifa nasikia "ubovu wa breki ulipelekea ajali Mlima Iwambi". Msibani, "maradhi yaliyopelekea kifo chake". Hata marehemu hatumwonei huruma.

Kitenzi peleka ukikitia kauli ya kutendea, kikawa pelekea, lazima awepo wa kupelekewa. Mama wa Tukuyu amempelekea shangazi ndizi Mwanjelwa. Mpelekaji yupo, mzigo upo, na ile -m- ndani ya kitenzi ndiyo shangazi mwenyewe. Mwondoe, useme "mama amepelekea ndizi", na mchuuzi yeyote pale sokoni atakuuliza: kampelekea nani? Ndizi zimeshuka kwenye gari, zimepangwa chini, mwenyewe hajulikani. Basi nami nauliza: breki zilimpelekea nani ajali? Kama ni abiria, mbona hatusemi "ziliwapelekea"? Hatusemi kwa sababu tunachokitaka ni kusababisha, na kitenzi hicho tunacho, pamoja na kuleta na kuzaa. Mara nyingi hata hicho hakihitajiki. "Breki zilifeli, lori likapinduka." Hiyo -ka- imeshabeba sababu na matokeo yake.

Naambiwa neno limezoeleka. Kweli limezoeleka, na mtu akilisema kwenye daladala simsahihishi. Ila wewe unaandika, una nafasi ya kufuta na kuandika upya. Lifute.

Sasa silaha. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, limeshakuwa letu. "Isiyo ya kuua" ni mzunguko wa bure, "isiyoua" inatosha. Kukamata ni kazi ya askari. Wavu, mtego na ulimbo hunasa. Kwa hiyo chombo hicho kiite fimbo ya kunasia, kwa mfano uleule wa kisu cha kukatia na jembe la kulimia. Kunasia nayo imetiwa kauli ya kutendea, lakini hapa kauli ina kazi: inataja kifaa.

Andika hivi: "Fimbo ya kunasia haiui, humrushia adui ukungu unaoganda kuwa wavu, akanaswa akiwa hai." Kwenye humrushia, adui yumo mle ndani ya kitenzi, na hakuna wa kuuliza karushiwa nani.