Bibi aliposema macho yamerudi ujana

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Je, wazee wa siku hizi wanaona vizuri kuliko wazee wa zamani?" Kwa mzee mmoja mmoja, ndiyo. Ukianza kuhesabu vichwa, mambo yanageuka.

Bibi yangu alipopita miaka sabini aliacha ghafla miwani ya kusomea. Akawa anatunga uzi kwenye sindano mwenyewe, nasi tukashangilia kwamba macho yamerudi ujana. Kumbe ndio mtoto wa jicho alikuwa anaanza. Kiini cha lenzi kikizidi kukakamaa hupinda mwanga zaidi, mtu akaona vya karibu na kupoteza vya mbali. Baadaye na vya karibu vikamtoka. Alipopasuliwa, lenzi ilitolewa bila kuwekewa nyingine, akapewa miwani minene kama kitako cha chupa. Miwani ya aina ile hukuza vitu kwa karibu robo, hivyo kikombe alikiona kiko karibu kuliko kilipo na mkono ukawa unashika hewa. Tulimcheka. Leo inaniuma.

Na lenzi ya bandia ilikuwa imeshagunduliwa zamani! Daktari wa macho Mwingereza, Harold Ridley, alimwekea mgonjwa lenzi ya kwanza London mwaka 1949, lakini madaktari wenzake wengi waliipinga, ikachukua miongo kadhaa kuzoeleka. Mama yangu aliikuta. Alipasuliwa asubuhi, jioni akarudi nyumbani. Kesho yake alipofunguliwa jicho hakusema lolote kuhusu nyuso zetu; alitazama shuka akauliza, "Hii si ilikuwa ya njano?" Haikuwahi kuwa ya njano. Lenzi ndiyo hugeuka njano kadiri mtu anavyozeeka, polepole kiasi kwamba mwenyewe hajui.

Sasa hesabu. Kati ya 1990 na 2020, kiwango cha upofu duniani kwa wenye miaka 50 na zaidi kilishuka kwa zaidi ya robo, ukishaondoa tofauti za umri kati ya wazee wa wakati ule na wa sasa. Hata hivyo idadi ya wasioona iliongezeka kwa karibu nusu, ikafika takriban milioni 43 kwa watu wa rika zote, maana watu ni wengi zaidi na wanaishi miaka mingi zaidi. Na mtoto wa jicho, mwenye tiba ya muda mfupi hivyo, bado anaongoza kwa kupofusha.

Anayenitisha mimi ni glakoma, ugonjwa unaoharibu neva ya jicho. Mara nyingi haiumi, hula uwezo wa kuona vya pembeni kwanza, na kilichopotea hakirudi. Baba mdogo alikuwa akijigonga kwenye fremu za milango, sisi tukisema ni haraka zake.

Nina miaka 61. Mwezi uliopita nilisoma maandishi madogo ya kichupa cha dawa bila miwani. Sikushangilia. Nimeshapanga siku ya kwenda kupimwa.