Shemeji mtarajiwa anaitwa Esposito: jalala limetoka wapi?

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Dada yako anaposwa na kijana wa Napoli, Italia, anayeitwa Esposito, mtu wa nyumbani kwenu kalitafuta jina mtandaoni akarudi na "mtoto wa kuokotwa jalalani", na sasa mjomba hataki kupokea barua ya posa mpaka aelezwe huyo bwana ukoo wake ni upi. Niliishi Napoli miaka mitatu nikisaidia wanafunzi mazoezi ya Kiswahili (ndiyo, kinafundishwa chuo kikuu pale, L'Orientale), kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona na niliyoyauliza.

Kuokotwa kuna ukweli. Jalala ameliongeza huyo mtu wenu.

Neno linatoka kwenye Kilatini, expositus, yaani aliyewekwa nje. Kuwekwa, si kutupwa, na palipokuwa pakiwekwa watoto panajulikana: ni Annunziata, kanisa lenye hospitali, mtaa wa Forcella, ndani kabisa ya mji mkongwe. Nilipelekwa na mwanafunzi wangu mmoja, naye ni Esposito. Ukutani kuna tundu, na nyuma ya tundu kuna kitu kama pipa la mbao lililo wazi upande mmoja, linalozunguka pale lilipo. Wao wanaliita ruota, gurudumu. Mama alikuja usiku, akamlaza mtoto ndani ya pipa, akalisukuma, ule upande ulio wazi ukageukia ndani ambako mwanamke wa zamu alikuwa anasubiri. Hakuonwa uso, hakuulizwa jina. Mtoto akioshwa na kubatizwa, daftarini inaandikwa saa aliyofika, umri wa kukadiria, na nguo alizokuja nazo. Watu wa Napoli waliwaita watoto hao wana wa Madonna, yaani wa Bikira Maria. Basi mwambie mjomba ukoo anaoutafuta alishapewa mapema sana.

Na usidhani wote walikuwa watoto wa nje ya ndoa. Wengine wazazi walioana vizuri kabisa, ila nyumba haikuwa na chakula. Firenze kuna kituo cha namna hiyohiyo, Ospedale degli Innocenti, kilichoanza kupokea watoto 1445, na kwenye makumbusho yake wamehifadhi vitu vilivyoachwa na akina mama: medali ndogo zilizokatwa nusu. Nusu moja alibaki nayo mama, ili siku akija kumdai mwanawe zilinganishwe. Nilisimama mbele ya kabati lile muda mrefu kuliko nilivyosimama mbele ya sanamu zote za mji ule.

Kila mji ulikuwa na jina lake la kuwapa watoto hao. Firenze, Innocenti. Bologna, Degli Esposti. Milano walipewa Colombo, njiwa, kwa sababu hospitali kuu ya mji ilikuwa na njiwa kwenye nembo yake, ingawa wapo Colombo wengi waliolipata jina hilo kwa njia nyingine kabisa. Roma ndiko walikokuwa wakali: Proietti, na hilo ndilo la kutupwa kweli. Joachim Murat, aliyetawala Napoli kuanzia 1808 hadi 1815, alipiga marufuku watoto kupewa Esposito kwa kuwa lilishakuwa doa, na gurudumu lenyewe likafungwa 1875. Siku hizi sheria ya Italia inakataza kabisa mtoto asiyejulikana wazazi kupewa jina linaloonyesha alivyopatikana.

Kinachowachanganya wazee wetu nadhani ni hiki. Kwetu mtu akiitwa Mateso, au Shida, au Tabu, kuna tukio la juzi nyuma ya jina, na wajukuu zake wanaweza wasilibebe kabisa, maana kila mtoto anachukua la baba yake. Kule jina la ukoo linaganda. Aliyelazwa kwenye pipa ni mtu mmoja, pengine miaka mia tatu iliyopita, na waliofuata wote wamezaliwa kwa baba na mama wanaojulikana. Yule mwanafunzi wangu tulimfuatilia kwenye vitabu vya vizazi, ambavyo kusini mwa Italia vilianza 1809 na vingi vinasomeka bure mtandaoni kwenye tovuti ya Antenati. Tulifika 1831: fundi viatu, mwana wa fundi viatu, naye tayari ni Esposito. Wa kwanza hatukumpata. Mjomba akitaka ukoo, amwombe shemeji cheti cha kuzaliwa cha babu yake na jina la mji, aanzie hapo. Ila msidhani kila Esposito ni ndugu wa mwenzake. Wako tele Napoli, na wengi hawana damu moja.

La kujadili mezani kwa kweli ni jingine. Italia dada yako ataendelea na jina lake mwenyewe hata akiolewa, na tangu uamuzi wa Mahakama ya Katiba wa 2022, mtoto anapewa majina ya ukoo ya wazazi wote wawili, isipokuwa wakubaliane litumike moja. Wakubaliane mapema, kabla ya ndugu hawajaingilia.

Halafu mfundisheni mjomba kulitamka. Sisi tumezoea kukazia silabi ya pili kutoka mwisho, tunasema espo-SI-to. Wenyewe wanakazia po: es-PO-sito, hiyo "sito" inapita haraka. Mimi nililiita kwa Kiswahili miezi miwili, darasa zima likicheka chinichini, mpaka mwenye jina akanihurumia akaniandikia ubaoni.