Barua kwa mwanangu kuhusu reli ya ngazi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Umeniuliza mambo mawili: kama wewe, ambaye hujawahi kufanya kazi ya useremala, unaweza kujenga mwenyewe reli ya ngazi za nyumba yako, na kama misumari mirefu itatosha kuishika. La kwanza nakujibu kuwa unaweza, ila si kwa pande zote mbili za ngazi. La pili nakujibu kuwa haitatosha hata kidogo, na nitaanza na hilo kwa sababu ndilo lililonitia wasiwasi.

Reli hujengwa kwa ajili ya ile nukta moja ambapo mguu umeteleza na uzito wa mwili umehamia wote kwenye mkono. Kanuni za ujenzi za Marekani, kwa mfano, zinataka reli istahimili kani ya takribani kilo 90 ikielekezwa mahali popote na upande wowote. Msumari hushika vizuri ukisukumwa kwa ubavu, lakini ukivutwa kuelekea ulikotoka, kinachouzuia ni msuguano wa nyuzi za mbao tu, na msuguano huo hupungua kadiri mbao inavyokauka na kutikiswa. Skrubu hushika kwa meno yake, na bolti iliyopenya hadi upande wa pili na kufungwa kwa nati na washa pana hushika zaidi. Kwa hiyo weka nyundo pembeni, utafute drili.

Umeniambia kuwa ngazi zako zina ukuta upande mmoja na upande wa pili uko wazi. Anza na ukuta. Hiyo ndiyo kazi yako. Pima sentimita 90 kutoka ukingo wa mbele wa kidato cha chini kwenda juu wima kabisa, ukitumia pima maji ili usiinamie upande, kisha ufanye hivyo hivyo kwenye kidato cha juu, uunganishe alama hizo kwa uzi uliopakwa chaki. Nasisitiza neno wima kwa sababu wengi huelekeza futi kamba kwa pembe mraba na mteremko wa ngazi, na kwa ngazi zenye mteremko wa nyuzi 37 reli hiyo huishia kuwa juu kiasi cha sentimita 113, mahali ambapo mkono wa mtu anayeanguka hauifikii kwa urahisi. Kimo cha sentimita 90 kinakubalika katika kanuni za nchi nyingi, lakini uliza ofisi ya ujenzi ya hapo ulipo kabla ya kutoboa.

Mbao ulizonunua, zenye upana wa sentimita 10 na unene wa 5, ni nzuri ila hazifai kwa mshiko. Mkono hauwezi kuzizunguka. Utazibana kwa juu tu, na ukiteleza vidole vitaachia. Tafuta mti wa mviringo wenye kipenyo cha sentimita 4 hadi 5, wenye nyuzi zilizonyooka na usio na vifundo vikubwa, kwa kuwa kifundo ndicho mahali mti unapovunjikia. Kati ya mti huo na ukuta acha nafasi isiyopungua sentimita 4, ili vidole vipite bila kukwaruzika wala kunaswa. Ncha zote mbili uzigeuze zirudi ukutani kwa kipande kifupi kilichounganishwa kwa gundi na skrubu, kwa sababu ncha iliyoachwa wazi hunasa mkono wa shati au kamba ya mkoba, na hapo reli yenyewe ndiyo itakayomwangusha mtu.

Breketi za chuma, yaani vishikio vinavyobeba reli ukutani, ziachane umbali usiozidi mita moja, na zile za mwisho zisikae mbali na ncha. Hapa usiharakishe, mwanangu, maana nguvu ya reli yote iko katika mashimo haya madogo. Lipu haishiki kitu. Ikiwa lipu yako ina unene wa milimita 20 na skrubu yako inaingia milimita 60, basi ni milimita 40 tu zinazofanya kazi ndani ya tofali. Kwa hiyo nunua skrubu na plagi (vile vifuko vya plastiki vinavyotangulia shimoni ili skrubu ibane) ndefu kuliko unavyodhani. Toboa katikati ya tofali, mbali na maungio ya saruji, kisha utoe vumbi lote ndani ya shimo, kwani plagi iliyokalia vumbi huzunguka badala ya kubana. Tofali lenye uwazi ndani halitaki plagi ya kawaida. Lina nanga zake maalumu, yaani vishikizo vinavyojibana ndani ya ukuta. Na kama ukuta ni wa fremu ya mbao iliyofunikwa kwa ubao mwembamba, kila breketi lazima iangukie kwenye nguzo ya fremu, hata kama nafasi kati ya breketi hazitalingana.

Sasa upande ulio wazi, ambao ndio unaonifanya niwe mkali. Huko reli inabebwa na nguzo, na nguzo ni wenzo, yaani huzidisha nguvu ya anayeisukuma. Mtu akiiegemea kwa juu, sentimita 90 kutoka sakafuni, na chini imefungwa kwa bolti mbili zilizoachana sentimita 15, bolti ya juu huvutwa kwa kani inayozidi mara sita ile ya msukumo wenyewe. Ndiyo maana nguzo iliyopigiliwa juu ya kidato hulegea mapema hata ikiwa nene kama gogo. Inatakiwa ifungwe ubavuni mwa boriti ya ngazi kwa bolti zinazopenya hadi upande wa pili. Kama ngazi ni za zege, nanga za kutanuka zikiwekwa karibu na ukingo hupasua zege, na huko hutumika nanga za gundi maalumu zilizoingizwa mbali na ukingo kwa kina cha kutosha. Kazi hiyo mwachie fundi, nawe usimame hapo uone anavyoifanya.

Nguzo zikishasimama imara, vijiti vya wima unaweza kuviweka wewe. Mjukuu wangu ameanza kutambaa, kwa hiyo nafasi kati ya kijiti na kijiti isizidi sentimita 10. Mwili wa mtoto ukipita na kichwa kikakwama, hana namna ya kujinasua. Usikubali mtu akushawishi uweke vyuma vya kulala kwa sababu vinapendeza, kwani kwa mtoto hizo ni ngazi nyingine.

Kupiga msasa na vanishi hakuhitaji maelezo mengi. Anza na msasa namba 80, uende 120, umalizie na 180, kisha upitishe kitambaa laini urefu wote wa reli. Kitakaponasa, pana kibanzi. Kabla ya vanishi, jaribu reli ya ukutani ukiwa umesimama sakafuni, kwenye ncha ya chini, ukiivuta kwa nguvu zako zote. Ikicheza hata kidogo, fungua breketi iliyolegea utazame shimo lake. Baada ya miezi michache kaza tena skrubu zote, kwa kuwa mbao zitakuwa zimenywea.

Mpaka upande wa wazi utakapokamilika, ziba ngazi juu na chini mtoto asizifikie. Na usinunue plagi kwanza: niandikie ukuta wako umejengwa kwa tofali la namna gani na lipu ina unene gani, nikuambie urefu wa skrubu unaokufaa.

Ni mimi,
Mama yako